Masomo kumi na mawili, miezi saba: nianze na lipi?

Shikamoo mshauri,

Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta miaka minne iliyopita, na tangu hapo naandika programu kazini, hasa upande wa tovuti na kanzidata. Mwaka huu nimeamua kufanya mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili. Nimebakiwa na miezi kama saba.

Silabasi ina masomo kumi na mawili: kalkulasi, aljebra ya matriksi, uwezekano, hisabati diskriti, miundo ya data, algoriti, muundo wa kompyuta, mfumo endeshi, mitandao, kanzidata, nadharia ya ukokotozi na kompaila. Nilianza kuyasoma kwa mpangilio huo huo. Nikakaa sana kwenye kalkulasi, nikahamia matriksi, na niliporudi nyuma kujipima nikakuta kalkulasi yote imeyeyuka kichwani.

Rafiki yangu aliyefaulu ananiambia nishike algoriti tu, mengine nipitie juu juu. Mwingine anasema hesabu ndizo zinazoangusha watu. Juzi nikajaribu karatasi ya mwaka uliopita. Swali la kupanga namba, kitu ninachokifanya kila siku kwa mstari mmoja wa programu, likanishinda. Niliumia sana.

Naomba unielekeze. Nianze na lipi, na lipi naweza kuliacha? Uzoefu wangu wa kazi hauna faida yoyote hapa? Usiku napata saa mbili, siku nzuri tatu. Au niache kazi kabisa nisome?

Ni mimi,
Msomaji wa Usiku

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara jicho linatua kwenye lile swali la kupanga namba. Tuanze na hilo, maana likieleweka mengi yatanyooka.

Kazini ukitaka orodha ipangike unaita amri moja, basi. Ndivyo inavyopaswa, hakuna anayekulipa uandike upya kitu ambacho tayari kimeandikwa vizuri. Mtihani wa uzamili unauliza kilichomo ndani ya amri hiyo. Unapewa namba nane na kalamu, unatakiwa uonyeshe orodha itakavyokuwa baada ya mgawanyo wa kwanza wa kwiksoti (njia ya kupanga inayogawa orodha pande mbili, namba ndogo na kubwa kuliko namba moja iitwayo mhimili), namba ya kwanza ikiwa ndiyo mhimili. Kisha unaulizwa kwa nini kwiksoti hiyo hiyo, ikikutana na orodha ambayo tayari imepangika, inatumia hatua za kiwango cha n² badala ya n log n. (Mhimili unakuwa namba ndogo kuliko zote kila mara, kwa hiyo upande mmoja wa mgawanyo unabaki mtupu na mwingine unapungua kwa namba moja tu.) Hukushindwa kwa sababu umeisahau fani yako. Kuifanya kazi ya mashine kwa mkono, hatua kwa hatua, ni ujuzi unaojitegemea, na miaka minne hii hakuna aliyekuomba uutumie. Huo ndio utakaoujenga kuanzia sasa, katika kila somo.

Sasa mpangilio. Silabasi inaorodhesha tu. Haikusudii kukuambia kipi kitangulie. Masomo yako hayajasimama peke yake, yanaegemeana. Algoriti haziendi bila miundo ya data, na zote mbili haziendi bila hisabati diskriti. Nadharia ya ukokotozi nayo inaitaka hisabati diskriti, na kompaila inaitaka nadharia. Mfumo endeshi unaeleweka vizuri zaidi ukishajua muundo wa kompyuta. Mitandao na kanzidata unaweza kuyasoma wakati wowote. Ukiyachora masomo haya kwenye karatasi na kuyaunganisha kwa mishale utapata grafu, na kuyapanga yote bila kuvunja mshale hata mmoja kunaitwa mpangilio wa kitopolojia. Hilo lenyewe huulizwa kwenye mitihani.

Kwa hiyo funga kitabu cha kalkulasi kwa sasa, ufungue hisabati diskriti: mantiki, seti, mahusiano, kuhesabu mipangilio na teuzi, uthibitisho kwa induksheni, na grafu. Usiipuuze mantiki kwa kuona ni ya wanaoanza. Chukua sentensi hii: "Kila aliyefaulu alisoma grafu." Ikanushe. Wengi huandika "Hakuna aliyefaulu aliyesoma grafu", na wanakosa. Kanusho lake ni "Yupo aliyefaulu ambaye hakusoma grafu". Mtu asiyeona tofauti hiyo atateseka baadaye akifika kwenye uthibitisho wowote wa nadharia ya ukokotozi, kwa sababu yote imejengwa kwa "kila" na "yupo" zilizofuatana.

Hapo hapo ingia kwenye miundo ya data na algoriti, na hapa nataka ukae. Rafiki yako hakukosea kuyapa uzito. Alikosea kwenye neno "tu". Jua staki, foleni, orodha zilizoungwa, miti ya utafutaji, hipu, majedwali ya heshi na grafu, kila kimoja kwa mkono: ingiza namba, toa namba, chora umbo jipya. Kisha jifunze kusoma gharama. Ukikuta mlinganyo wa kujirudia kama T(n) = 2T(n/2) + n, usikimbilie kanuni ya kukariri. Jiulize kinachotokea. Kazi ya ukubwa n inakatwa nusu mbili, na kuziunganisha kunagharimu n. Weka n = 1024. Unaikata nusu mara 10 hadi ifike 1, na katika kila ngazi jumla ya kazi ya kuunganisha ni 1024 ile ile. Kwa hiyo ni 1024 mara 10, yaani n log n (10 ndiyo log ya 1024 kwa kizio 2). Ukishaiona hivyo mara moja, kanuni kuu ya milinganyo ya aina hiyo utaikumbuka bila kuilazimisha.

Swali jingine ninalolipenda sana: ili kupanga vitu 4 kwa kuvilinganisha viwili viwili, ni milinganisho mingapi ya lazima kwa hali mbaya kabisa? Vitu 4 vina mipangilio 24. Mlinganisho mmoja unatoa majibu mawili, kwa hiyo milinganisho 4 inatofautisha mipangilio 16 tu, haitoshi. 5 inafikia 32, inatosha. Jibu ni 5. Tazama: ni swali la algoriti, lakini limejibiwa kwa hisabati diskriti. Ndiyo maana nimekwambia uanzie kule.

Kwenye grafu jua mbinu za Dijkstra na Bellman-Ford (za kutafuta njia fupi) na za Prim na Kruskal (za kuunganisha nodi zote, yaani nukta za grafu, kwa gharama ndogo), na zaidi ya hatua zake jua pale zinapovunjika. Dijkstra alichapisha njia yake ya kutafuta njia fupi mwaka 1959, na hadi leo watahini wanauliza jambo lile lile: weka uzito hasi kwenye ukingo mmoja (mstari unaounganisha nodi mbili), je, jibu bado linaaminika? Haliaminiki, kwa sababu njia hiyo ikishaifunga nodi hairudi kuitazama tena. Kwa uzito hasi tumia Bellman-Ford, ambayo pia itakuambia kama kuna mzunguko wenye jumla hasi.

Sasa hizi hesabu ambazo mwenzako mwingine anakutisha nazo. Zina uzito wa kweli. POSCOMP, mtihani unaotumiwa na programu za uzamili nchini Brazil, una maswali 70, na 20 kati yake ni ya hisabati. GATE ya India, kwa upande wa sayansi ya kompyuta, ina alama 100. Hisabati ya uhandisi ina alama 13 hivi na 15 nyingine ni za uwezo wa jumla wa kufikiri na lugha. Tafuta mgawanyo wa alama wa mtihani wako mwenyewe uubandike ukutani, maana saa zako za usiku zitagawanywa kwa kufuata huo. Lakini ndani ya hesabu hizo, kalkulasi ndiyo ungeipa muda mdogo kuliko zote: mipaka, vinyambuo, kilele na bonde la fomula, intigrali za kawaida. Yatosha.

Uwezekano ni kinyume chake. Unajitokeza ndani ya algoriti, ndani ya heshi, ndani ya mitandao. Uwezekano wa masharti, kanuni ya Bayes na thamani tarajiwa visikupite. Matriksi nazo zina tabia ya kulipa haraka. Mfano, matriksi yenye mstari wa kwanza 4, 1 na wa pili 2, 3. Unaulizwa thamani zake za eigeni. Jumla ya thamani hizo ni sawa na jumla ya ulalo mkuu, 4 + 3 = 7, na zao lake ni sawa na kibainishi, 12 − 2 = 10. Namba mbili zenye jumla ya 7 na zao la 10 ni 5 na 2. Umemaliza kabla mwenzako hajaandika mlinganyo.

Muundo wa kompyuta: watu huuogopa kwa sababu ya michoro ya saketi, wakati maswali mengi ni hesabu ndogo zinazotaka utulivu. Paipulaini (mpango wa kuchakata maagizo kwa hatua zinazopishana) ya hatua 5 inayopitisha maagizo 100 bila kukwama inamaliza kwa mizunguko 104, si 500, kwa kuwa agizo la kwanza linachukua mizunguko 5 na kila linalofuata linaongeza mmoja. Kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kichakataji) inayojibu kwa nanosekunde 1, ikikosa mara 5 katika kila 100, na kila kukosa kukigharimu nanosekunde 100 za ziada, inakupa wastani wa nanosekunde 6. Asilimia 5 tu, na kumbukumbu inakuwa polepole mara sita! Ukiona hilo kwa namba, utaelewa kwa nini wahandisi wanaihangaikia kache kiasi kile. Ongeza uandishi wa namba hasi na za desimali kwa biti, na aljebra ya Boole, kisha endelea.

Mfumo endeshi unastahili usiku wa kutosha. Upangaji wa michakato, semafori (alama za kuzuia michakato isigongane), mkwamo (michakato ikingojeana bila mwisho) na masharti yake manne, kumbukumbu ya kurasa. Fanya zoezi hili kwa mkono, usilisome tu. Programu inaita kurasa kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Kanuni ni kuutoa ukurasa ulioingia mwanzo kuliko wote. Ukiwa na nafasi 3 za kumbukumbu, kurasa zitakosekana mara 9. Ongeza nafasi ziwe 4, uhesabu upya. Zitakosekana mara 10. Umeongeza kumbukumbu na hali imekuwa mbaya zaidi. Kioja hicho kinabeba jina la Belady, aliyekiandika pamoja na wenzake mwaka 1969. Kisha rudia kwa kanuni ya kuutoa ukurasa uliokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa, uone kwamba kioja hakitokei, na ujiulize kwa nini. Sababu ni kwamba chini ya kanuni hiyo kurasa zilizomo kwenye nafasi 3 daima zimo pia kwenye nafasi 4. Zoezi hilo moja litakufundisha kuliko sura nzima uliyoipigia mistari.

Uliuliza kama uzoefu wako una faida. Unayo, na ipo hasa kwenye kanzidata. Maswali ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, utayajibu haraka kuliko wengi, ingawa angalia mitego ya thamani tupu: safu yenye thamani tupu hailingani hata na nyingine tupu, na kuhesabu safu zote hakutoi jibu sawa na kuhesabu safuwima moja. Kazini hukuguswa na nadharia ya utegemezi. Jedwali lina A, B, C na D. A inaamua B, B inaamua C, C inaamua D. Ufunguo ni A peke yake. Liko katika hali sanifu ya pili (hali sanifu ni daraja za kupima kama jedwali limepangwa vizuri) kwa sababu ufunguo una safuwima moja tu, hauwezi kutegemewa nusunusu. Halijafika ya tatu kwa sababu B si ufunguo lakini inaamua C. Fanya maswali kama hayo mengi mfululizo hadi mkono uzoee. Miamala na miti ya B+ inayotumika kwenye faharasa utaipata kwa urahisi.

Mitandao nayo unaijua zaidi ya unavyodhani. Kinachokosekana ni hesabu. Anwani 192.168.10.77/26 iko kwenye mtandao upi? Anwani ina biti 32, na /26 inamaanisha 26 za mwanzo ni za mtandao. Biti 6 zimebaki kwa ajili ya mashine, kwa hiyo kila kipande kina anwani 64. 77 inaangukia kati ya 64 na 127. Mtandao ni 192.168.10.64, anwani ya kutangazia wote ni 192.168.10.127, na mashine zinazoweza kupewa anwani ni 62. Ukimaliza hapo, shika TCP, kanuni ya kusafirisha data kwa uhakika: inavyofungua mawasiliano kwa ujumbe wa hatua tatu na inavyopunguza mwendo njia ikijaa.

Nadharia ya ukokotozi wengi wanaiacha, nami naona ni makosa, kwa sababu maswali yake hayana mambo mengi ya kukariri na yanarudi na sura zinazofanana. Otomata (mashine ya kinadharia inayosoma neno herufi kwa herufi) yenye idadi ya hali iliyo na kikomo haiwezi kutambua maneno yenye tarakimu 0 kadhaa zikifuatwa na tarakimu 1 kwa idadi ile ile, kwa kuwa haina mahali pa kuhifadhi hesabu. Mpe staki na ataweza. Otomata isiyo na uamuzi mmoja (inayoweza kuwa na njia zaidi ya moja kwa herufi ile ile) yenye hali n ikibadilishwa kuwa ya uamuzi mmoja inaweza kufika hali 2 kwa kipeo n. Na tangu kazi ya Turing ya mwaka 1936 tunajua kuwa hakuna programu inayoweza kuamua, kwa kila programu nyingine na kila ingizo, kama itasimama. Maswali mengi ya "je, jambo hili linaamulika?" hujibiwa kwa kulirudisha kwenye hilo.

Kompaila ndilo somo la mwisho, na kama muda ukikubana, ndilo utakalolipunguza: seti za herufi za kwanza na za kufuata, aina za wachanganuzi, basi. Usilisome kabla ya nadharia, utajiumiza bure.

Kuhusu ratiba: usisome somo moja hadi liishe ndipo uhamie jingine. Ndivyo kalkulasi ilivyoyeyuka. Shika mawili kwa wakati mmoja, moja zito na moja jepesi, na kila usiku kabla ya kufungua ukurasa mpya tatua swali moja au mawili ya somo la nyuma bila kuchungulia maelezo. Karatasi za miaka iliyopita usizihifadhi kwa ajili ya mwezi wa mwisho. Anza nazo sasa, somo kwa somo, ila acha mbili au tatu usiziguse kabisa. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu kwenye daftari: sikujua, nilijua ila nikahesabu vibaya, au sikulisoma swali vizuri. Baada ya muda daftari hilo litakuonyesha ni wapi alama zinapovujia, na mara nyingi si pale mtu alipodhani.

Soma pia kanuni za kusahihisha. Kuna mitihani inayokata theluthi ya alama kwa jibu lisilo sahihi. Kwenye swali la machaguo manne, kubahatisha kabisa hapo hakukupi kitu wala hakukunyang'anyi kitu kwa wastani. Lakini ukiwa na uhakika chaguo moja si lenyewe, ukabahatisha kati ya matatu yaliyobaki, kwa wastani unapata faida ya sehemu moja ya tisa ya alama. Hivyo ukiondoa hata chaguo moja, jibu. Mitihani isiyokata alama, usiache swali wazi hata moja.

Kazi usiiache. Saa mbili za kila usiku kwa miezi saba ni zaidi ya saa mia nne, na zinatosha kwa mtu aliyewahi kuyasoma masomo haya. Kama una siku za likizo, zitunze kwa wiki za mwisho. Zile karatasi ambazo hukuzigusa zifanye wakati huo, asubuhi, kwa muda kamili wa mtihani, simu ikiwa chumba kingine, na kikokotoo kile tu kinachoruhusiwa. Umezoea kufikiri usiku ukiwa umechoka. Akili yako nayo ifundishwe saa ya mtihani.